Ouma Hakurudisha Wimbo

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Ouma ilikuwa imetambaa miezi minane bila kukatika, kwa sababu mkewe Dorca alikuwa akiifagia kila asubuhi. Mtu akiuliza mbona Ouma haonekani tena kwenye matanga na kinanda chake, Dorca alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo: ameacha benga ya kuchezesha watu, siku hizi anapiga muziki wa kutafakari. Muulizaji alitikisa kichwa kwa heshima. Neno lenyewe lilikuwa zito, na hakuna aliyetaka kuonekana halijui.

Ukweli ni kwamba mwezi wa pili kiharusi kidogo kilimpitia Ouma akinywa chai. Kilimwachia mdomo, kikamwachia miguu na akili, kikachukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vidole hivyo viliweza kubonyeza na kukaa. Kukimbia havikuweza tena, na mpiga kinanda wa benga asiyeweza kukimbia ni sawa na mpishi asiyeweza kusonga ugali. Miaka ishirini na sita Ouma alikuwa amewafanya watu wavue viatu wacheze mbele ya jeneza, kutoka Nyamasaria alikokaa mpaka kule Maseno na kupita.

"Afadhali waseme naringa," alimwambia Dorca siku walipotoka hospitali, "kuliko waseme maskini Ouma."

"Basi tutaringa," Dorca akasema. "Na mimi nitaringa. Kuringa kwa mtu mmoja hakupendezi."

Waliojua walikuwa watatu tu: daktari, Dorca na mwenye vidole.

Kila Alhamisi saa kumi walikwenda Milimani, kwa Mama Nalini Laxmidas. Alikuwa mjane aliyeuza mabati na misumari kwa miaka arobaini, kisha akawaachia wanawe duka, akaamua kuwafundisha watu kukaa kimya. Alikutana na Dorca sokoni Kibuye, alipokwenda kununua mapazia ya mitumba ya varanda yake, akamuuliza kwa Kijaluo safi kama anamjua mtu wa kupiga kinanda bila wimbo. Dorca akasema anamjua, analala naye.

Chombo chenyewe kiliachwa na Siddharth, mpwa wa Mama Nalini, alipokwenda kusoma Kanada. Walikiita sintesaiza, aina ya kinanda cha umeme. Kilikuwa na vitufe vichache na vidude vya kuzungusha vingi, wala hakikuwa na ngoma ndani yake. Ouma alibonyeza kitufe kimoja kwa vidole vyake vizito, akakiacha hapo, na kwa mkono wa kushoto akazungusha kimoja kati ya vile vidude. Sauti ikaanza chini, ikapanda, ikajaa varanda nzima, ikakaa. Hapakuwa na mwanzo wala kiitikio. Ouma mwenyewe hakujua anakoelekea, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kwenye mikeka walikaa watu tisa, macho wameyafumba. Kulikuwa na wauguzi wawili, mhadhiri mmoja wa kutoka Maseno, na Navdeep mwenye malori, mtu mkubwa wa kilemba ambaye magoti yake yalikataa kukunjika. Mama Nalini alipita kati yao bila viatu.

"Vuta pumzi," alisema. "Sasa jiulize: mimi ni nani, ukitoa kazi, ukitoa mali, ukitoa jina?"

Dorca alikaa nyuma akishika waya wa umeme, ambao ulikuwa na tabia ya kuchomoka. Cheo chake kilikuwa msaidizi. Alikuwa akiwatazama wale watu wazima wakijiuliza wao ni nani, naye akijiuliza kama samaki aliyemwacha kwenye kikaango paka hajamtembelea.

Kipindi kilipokwisha, Navdeep alikuja kwa Ouma akipangusa macho kwa leso. "Mwalimu Ouma," alisema, "wewe unajuaje mahali pa kuacha? Mimi ningebonyeza kila kitu."

Ouma alimtazama kwa uzito. "Kuacha ndiyo kazi, Bwana Navdeep. Kupiga hata mtoto anapiga."

Dorca akakimbilia jikoni kwa Mama Nalini, akanywa bilauri nzima ya maji asije akacheka mbele ya watu. Mama Nalini alimkuta huko.

"Unacheka," akasema, "lakini mume wako ana kipaji. Muziki mwingine unamwambia mtu la kufanya: cheza, lia, nunua. Wa mume wako haumwambii kitu. Mtu akikosa wa kumwambia, anaanza kujisikia mwenyewe."

"Na akishajisikia?"

"Wengine hawarudi wiki inayofuata," Mama Nalini akasema, akafunga friji.

Opiyo alikuja Nyamasaria Jumanne, jua likiwa bado juu. Alikuwa kiongozi wa bendi na mpiga gitaa, mtu wa kofia ya pama na maneno mengi. Siku hiyo alikataa chai. Dorca alipoona Opiyo amekataa chai, alijua kuna mtu amekufa.

"Okinyi ametuacha," Opiyo akasema.

Okinyi alikuwa mpiga besi wao, na tangu bendi ianzishwe alisimama upande wa kushoto wa Ouma. Ouma alifunika uso wake akalia, na kilio kile hakikuwa na uongo ndani yake hata chembe. Opiyo alimwacha alie. Kisha akavua kofia.

"Ijumaa saa tisa mwili unafika kwake, kule mbele ya Maseno. Bendi itampokea. Adero mke wake ameniambia maneno aliyoyaacha. Alisema, 'Ouma ndiye atanipigia.' Sasa, omera, ndugu yangu, nimekuja kukuchukua."

Hapo Ouma akakumbuka vidole vyake. Dorca alimwona akivikumbuka, maana aliviingiza chini ya paja akavikalia.

"Baba Lorine ana mafua," Dorca akasema upesi.

"Mafua ya vidole?"

Opiyo alikuwa anatania tu. Hakujua kitu. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ambayo mji mzima unayo.

"Mama Lorine, watu wanasema. Wanasema Ouma amenunuliwa na Wahindi wa Milimani, anawapigia wapate usingizi wa mchana. Mimi nawaambia hapana, huyo ni ndugu yetu. Lakini asipokuja kumpokea Okinyi, nitawaambia nini? Unajua watu. Wataanza kuuliza Okinyi alikufa na nini."

Hilo la mwisho alilisema polepole, na wote watatu walilielewa. Ukikosa matanga ya mtu mliyekula naye miaka ishirini na sita, hakuna atakayedhani umechoka. Watadhani una jambo naye, na jambo hilo litakuandama mpaka kwa wajukuu.

"Atakuja," Dorca akasema.

Opiyo alipoondoka, Ouma alimgeukia mkewe. "Nitakwenda na nini? Na mkono wa nani?"

"Wako. Keti tupange."

Mpango wa Dorca ulikuwa mzuri, na tuseme haki, kwa mtu asiyejua muziki ulikuwa mzuri sana. Kinanda chao Ouma alikuwa amekiuza Kibuye mwezi wa nne ili asiwe anakiona. Basi wataazima ile sintesaiza. Bendi ina magitaa mawili, ngoma na vipaza sauti vya kutetemesha mabati. Ouma atakaa nyuma, atabonyeza na kuacha vilevile kama Alhamisi, na katika kelele ile hakuna atakayejua kama anapiga au anapumzika.

"Hata wewe mwenyewe hutajisikia," Dorca akasema.

Ouma alifungua mdomo, akameza neno. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mkewe, kwa sababu kulisema kungekuwa kuuvunja mpango, na mpango mwingine hawakuwa nao. Akakubali kwa kichwa.

Mama Nalini hakuuliza mengi. "Kwa kumpokea marehemu? Chukueni. Lakini hakina ngoma ndani, mnajua."

"Hiyo ndiyo raha yake," Dorca akasema, akakifunga kwenye shuka.

Ijumaa saa tisa jeneza la Okinyi liliwekwa chini ya hema, na Adero akakaa karibu nalo kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Watu walikuwa wengi mpaka kwenye migomba. Jenereta iliunguruma nyuma ya choo. Opiyo alihesabu moja, mbili, tatu, na bendi ikaanza.

Mpango ukafanya kazi. Magitaa yalipiga kelele, ngoma ilidunda, vumbi likapanda, na Ouma akakaa nyuma ya sintesaiza amevaa koti jeusi na uso wa mtu mwenye shughuli. Alibonyeza, akaacha. Mama mmoja alimpita akicheza, akamwambia, "Jaduong', mzee wetu, bado uko." Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Dorca akaona mambo yamenyooka, akaenda kutafuta sahani ya chakula.

Hajafika kwenye sufuria, pakruok ikaanza.

Nyumbani kwa Wajaluo haya hayaelezwi, lakini msomaji wa mbali asikie. Pakruok ni kujisifu kwa haki. Mtu anasimama katikati ya wimbo, anainua mkono, bendi inashuka. Anatoa noti, anashika maiki, anasema yeye ni nani: simba gani, mwana wa nani, mume wa mrembo yupi. Maneno manne au matano, basi. Wakati anasema, magitaa na ngoma hunyamaza, na kinanda hubaki peke yake chini ya maneno yake. Akimaliza, mpiga kinanda hutimua vidole vyake mbio kutoka juu mpaka chini, na mbio hizo ndizo zinazowaita wenzake. Zikisikika, ngoma inaingia, magitaa yanaingia, mwenye sifa anacheza sifa zake. Zisiposikika, hakuna anayeingia. Katika bendi ya Opiyo ilikuwa sheria, na kazi hiyo ilikuwa ya Ouma; miezi minane hakuwepo, pakruok haikuwepo.

Dorca alikuwa amecheza kwa mbio hizo tangu usichana wake. Hakuwahi kujua kwamba ni ishara. Alidhani ni mbwembwe.

Wa kwanza kusimama alikuwa Griffins, muuza mbolea ambaye pia hugombea kila kiti kinachotangazwa. Alitoa noti ya mia mbili, akaionyesha pande zote nne, akaidondosha kapuni.

"Mimi Griffins," alisema, "simba asiyeuliza njia. Ng'ombe wangu hawahesabiki. Nikipita, vijana wanajipanga, na wapinzani wanahama wilaya."

Akarudi nyuma hatua moja, akatoa leso, tayari kucheza. Bendi ikamtazama Ouma. Ouma akabonyeza kitufe kimoja, akakiacha, akazungusha kidude kwa mkono wa kushoto. Sauti ndefu ikainuka kutoka kwenye vile vipaza sauti vikubwa, ikapita juu ya jeneza, ikaingia mpaka kwenye migomba. Haikukimbia. Haikuonyesha dalili ya kwamba ina pa kwenda.

Griffins alidhani anaongezewa muda kwa ajili ya ile mia mbili. Akarudi kwenye maiki.

"Ng'ombe wangu hawahesabiki," akasema tena. Akangoja. Sauti ikapanda kidogo chini ya ulimi wake, ikamngoja na yenyewe. "Kwa kweli, wanahesabika," akasema. "Ni wawili. Mmoja ni wa shemeji."

Watu wakacheka. Griffins hakucheka. Alikuwa anaitazama leso yake kwa makini.

"Na uchaguzi uliopita nilipata kura kumi na nne," akaendelea, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na nafsi yake jikoni. "Nyumbani kwangu tuko watu wazima kumi na tisa. Nimekaa na hiyo hesabu mpaka leo. Kila wakinipakulia, nawatazama mmoja mmoja."

Akaweka maiki chini taratibu, akarudi kukaa. Kando yake walikaa baadhi ya wale kumi na tisa, na kila mmoja akapata cha kutazama juu ya hema.

Opiyo alimsogelea Ouma huku akitabasamu kwa ajili ya watu. "Omera," akasema kwa meno, "rudisha wimbo."

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Lakini Rachael alikuwa ameshafika mbele. Ndiye mwenyekiti wa kina mama wa kupika, na tangu asubuhi alikuwa akipita na kitambaa kipya kichwani. Akatoa noti ya hamsini. "Mimi Rachael, mikono ya dhahabu. Ugali wangu hauna donge. Atakayekula kwangu leo, kesho atamrudisha mke wake kwao." Vigelegele vikalia. Akangoja mbio za vidole ili azungushe kiuno, na ile sauti ndefu ikaja badala yake, pole, ikamkalia.

Rachael alikohoa. Akarekebisha kitambaa.

"Mimi sijapika," akasema. "Mwaka wa sita huu sijapika. Anapika Milka. Mimi nashika mwiko wageni wakikaribia."

Kule kwenye moto mwanamke mwembamba akainua kichwa kutoka kwenye moshi, na watu wote wakageuka kumtazama. Wengi wao walikuwa wamekula kwake miaka sita bila kumwona. Milka aliinua mwiko kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Hapo Dorca akaacha kutafuta sahani. Alikuwa ameelewa. Alimwona Ouma kule nyuma, jasho linamtiririka, mkono wa kulia umelala juu ya vitufe umekataa, na akaona bendi nzima wamesimama na vyombo vyao wakizingoja mbio zisizokuja. Akajua ni lile jambo ambalo Ouma alikuwa akilimeza siku ya kupanga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wake alikuwa anakwenda kuumbuliwa mbele ya jeneza la mtu mwingine.

Opiyo akaona amalize mwenyewe. Alikuwa na hasira, na alijua sifa zake zina nguvu ya kuamsha bendi hata bila kinanda. Akaweka gitaa chini, akachukua maiki.

"Mimi Opiyo, baba wa bendi hii. Mimi ndiye niliyetunga ule wimbo wa 'Adero' unaowatoa machozi redioni. Hakuna harusi, hakuna matanga, hakuna baa isiyoujua. Ouma, piga."

Ouma akapiga alichoweza kupiga. Alikuwa hajui tena la kufanya, basi akafanya la Alhamisi: akafumba macho, akaacha. Sauti ikashuka chini sana mpaka watu wakaisikia kifuani. Opiyo akafungua mdomo aongeze sifa, akaufunga. Macho yake yakaenda kwenye jeneza, na kutoka hapo yakashindwa kuondoka.

"Aliutunga huyu," akasema.

Alinyoosha kidole kwenye jeneza.

"Tulikuwa tunangoja chai. Akaniimbia kwa mdomo, wote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndiye nilikuwa na kalamu. Nikaandika, na chini nikaandika jina langu. Nilikusudia kulibadilisha. Kila mwaka nilikusudia. Hakuniuliza hata siku moja, na mimi nikaona kama hajaniuliza, labda amesahau." Akapangusa uso kwa kiganja. "Shemeji Adero, nisamehe."

Adero alimtazama. Ni mwanamke wa maneno machache. "Najua," akasema. "Aliniimbia mimi kwanza."

Sasa hakuna aliyecheka wala aliyekohoa. Opiyo akageuka, macho mekundu, akaelekeza aibu yake yote kwa mtu mmoja. "Ouma," alisema, na maiki bado ilikuwa mkononi, kila mtu akasikia. "Umetuvua nguo, basi. Sasa nakuomba mbele ya maiti. Rudisha wimbo."

Watu mia tatu wakamgeukia Ouma. Akainua mkono wa kulia, akaushusha kwenye vitufe vya juu, pale mbio zinapoanzia. Kitufe cha kwanza kikalia. Vidole vikakaa hapo. Akavisukuma, vikagonga viwili kwa pamoja, sauti mbaya, kisha vikakaa tena. Kijana mpiga ngoma akainamisha uso. Ouma akamtafuta mkewe kati ya watu, na jinsi alivyomtazama, Dorca hakuwahi kutazamwa hivyo hata siku ya kiharusi.

Dorca akaenda mbele, akamnyang'anya Opiyo maiki. Alikwenda kudanganya, tusimpambe. Uongo alikuwa nao tayari mdomoni, mzuri, wa moto.

"Mimi Dorca, mke wa Ouma," alisema, "na ninyi hamna masikio. Huu ni muziki wa heshima, wa watu waliosoma. Ouma amemletea Okinyi kitu ambacho hakijawahi kupigwa matangani. Hawezi kurudisha benga kwa sababu hataki. Mwacheni."

Uongo huo ungetosha. Watu walianza kutikisa vichwa kwa heshima ileile ya siku zote. Alichotakiwa kufanya ni kuweka maiki chini na kumwita mchungaji aombe. Lakini nyuma yake Ouma, kwa woga tu, alikuwa amerudi kwenye sauti yake ndefu, na sauti ikaja ikaingia chini ya maneno ya Dorca. Alhamisi zote zile alikuwa amekaa nayo akishika waya, akichekea watu wengine. Haikuwahi kupigwa kwa ajili yake. Akangoja iishe aondoke. Haikuisha. Ilikuwa haimwambii kitu.

"Nimedanganya," Dorca akasema. "Vidole vyake vitatu vimekufa. Tangu mwezi wa pili. Hawezi."

Mnong'ono ukapita hemani. Ouma aliinamisha kichwa, lakini mkono haukutoka kwenye vitufe, na Dorca, ambaye angeweza kuishia hapo, hakuishia hapo.

"Daktari aliponiambia havitarudi, nililia mbele yake. Halafu nikaenda choo cha hospitali, nikafunga mlango, nikacheka. Nilicheka kwa furaha. Miaka ishirini na sita Ijumaa inamchukua, Jumatatu inamrudisha hana sauti, ananiomba chai kwa mikono. Lorine nilimzaa yeye akiwa matangani. Mama yangu mzazi tulipomzika, kila mtu alikuwa na wa kumwegemea, mimi wangu alikuwa kwenye kinanda, anapigia watu wacheze. Walicheza vizuri, sikatai. Nikasema chooni, sasa atakaa. Nikamwomba Mungu vidole visirudi. Nimeomba hivyo mara mbili."

Ouma akainua mkono. Muziki ukakatika, na kwa mara ya kwanza tangu saa tisa watu wakasikia kuku, na jenereta nyuma ya choo.

"Mara mbili?" Ouma akauliza. Hakuwa na maiki, lakini kimya kile kilimtosha.

"Mara mbili."

"Ya pili lini?"

"Jumapili. Kanisani, ukiwa umekaa kando yangu."

"Na chooni ulicheka sana?"

Dorca akafikiri. Alikuwa hawezi tena kupunguza kitu. "Mpaka nesi akagonga mlango."

Ouma akakaa akiutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu, akaugeuza chini. Kila mtu alingoja, na Dorca alingoja kuliko wote, akijua amelitupa jina la mumewe vumbini mbele ya watu waliomheshimu, na kwamba Ouma angeweza kuinuka sasa hivi aende zake asirudi Nyamasaria. Akainuka kweli. Alipita kando ya sintesaiza, akaja mbele. Akanyoosha mkono wa kulia apokee maiki, vidole vikashindwa kuifumbata, ikamponyoka, ikagonga chini na kupiga mluzi kwenye vipaza sauti. Hakuna aliyeinama kumwokotea. Akaiokota mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

"Mimi Ouma," akasema. Akatafuta sifa zake, akaona hazipo, akaendelea bila hizo. "Mliyosikia ni kweli. Nilikuwa naona aibu. Okinyi, nilitaka nikupigie ile ya zamani, nimeshindwa. Nimekupa niliyobaki nayo."

Akamgeukia Dorca, kisha akawageukia watu.

"Na ninyi mtakaotaka kuniita, sikilizeni vizuri nisirudie. Ijumaa niko nyumbani na mke wangu. Jumamosi niko nyumbani na mke wangu. Jumapili tuko kanisani, na nitamsikiliza anaomba nini. Anayetaka nimpigie, azikwe Jumatano."

Wa kwanza kucheka alikuwa Adero, mjane, pale kando ya jeneza, kisha hema zima. Dorca alilia, mbele ya watu wote, na hakukimbia.